Databesi ya AIDE usiiache kwenye seva hiyohiyo

Wengi tunainstoo AIDE (programu ya Linux inayokuambia faili gani limebadilishwa kwenye seva), tunarani aideinit, amri ya kutengeneza databesi ya alama za mafaili, tunaiacha isome mafaili yote halafu tunalala usingizi mnono. Shida ile databesi imebaki palepale /var/lib/aide, ndani ya seva ileile unayoilinda, na mtu akishapata ruti (mamlaka yote ya seva) anabadilisha faili analotaka, anarani aide --update inayotengeneza databesi mpya, anaweka databesi yake juu ya yako, asubuhi unacheki unaambiwa kila kitu shwari. Ni daftari la stoo limeachwa wazi kaunta na kalamu juu yake.

Mi nafanya hivi. Databesi inatengenezwa seva ikiwa mpya kabisa, maana ukiitengeneza mtu keshaingia umemhalalisha. Kwenye Debian na Ubuntu inatoka kwa jina la aide.db.new, ipige sha256sum (amri inayotoa alama ya kipekee ya faili) hapohapo na zile herufi 64 uziweke pembeni, hata kwenye karatasi. Halafu nenda kwenye kompyuta yako, uivute kwa scp (amri ya kunakili mafaili kati ya kompyuta mbili) ukiwa huko, usiifanye seva ndo isukume, kwa sababu seva ikiwa na ufunguo wa kuingia kwako basi mwizi naye anao.

Vuta na folda nzima ya /etc/aide, ndo yenye konfig, yaani mipangilio ya AIDE. Hii watu wanaisahau sana, kumbe mtu akiongeza mstari mmoja tu wa !/usr/bin kwenye konfig, AIDE inairuka folda hiyo kimya kimya.

Pa kuhifadhia, CD-R iliyofungwa, yaani isiyoandikika tena, bado ni nzuri japo mtakuja kunicheka, au flashi yenye swichi ya kuzuia kuandika. Kile kilachi cha pembeni ya SD kadi msikiamini, kadi yenyewe haizuii kitu, kifaa kinachoisoma ndo kinaamua kutii au la.

Siku ya kucheki, mstari wa database_in kwenye konfig uelekeze kwenye hiyo nakala (AIDE za kabla ya 0.17 mstari unaitwa database tu). Kama seva inashika hela za watu, buti na Linux laivu (inayowaka kutoka CD au flashi) yenye AIDE yake, diski ya seva imaunti ridi-onli, yaani isomeke tu isiandikwe, weka root_prefix kuiambia AIDE diski hiyo inaanzia wapi, maana kerneli (moyo wa Linux) iliyochezewa inaweza kukuonyesha faili safi wakati si safi.

Na apdeti je? Cheki kwanza, ndo uapgredi, ndo --update, soma ripoti mstari kwa mstari, vuta databesi mpya. Ya zamani usifute, iandike tarehe.