Jinsi ya kushusha rafti ya kuokolea chombo kinapozama

Ukipanda boti ya Unguja, tazama pembeni mwa sitaha: kuna mapipa meupe ya faibaglasi yamelazwa kwenye vitanda vya chuma. Abiria wengi huyadhania matangi ya maji. Ndani mna rafti, yaani chelezo cha kujazwa gesi, iliyokunjwa pamoja na mtungi wa gesi. Mabaharia ndio huishusha, na amri ya kuhama chombo hutoka kwa nahodha, lakini siku hiyo huenda aliye karibu na pipa ni wewe.

Vaa jaketi la kuokolea, ulikaze. Kisha kagua kamba itokayo kwenye pipa: lazima iwe imefungwa kwenye chombo. Usipohakikisha hilo, utatupa pipa na upepo utaondoka nalo.

Fungua ndoano ya mkanda ulioshika pipa. Kamba usiiguse. Chungulia chini, pasiwe na mtu majini. Litupeni pipa upande wa demani, yaani upepo unakoelekea, ila kama kuna moto na moshi unaelekea huko, tumieni joshi, upande upepo unakotoka.

Sasa vuta kamba. Itatoka mita nyingi, na hapa ndipo watu hukata tamaa wakidhani pipa ni bovu. Endelea mpaka ikaze, halafu ivute kwa nguvu mara moja. Pipa litafunguka na rafti itajaa kwa dakika moja hivi. Ukisikia inafoka usishtuke, haijatoboka. Ni gesi iliyozidi.

Ikijaa kichwa chini, mtu mmoja aizungushe mpaka mtungi uwe upande wa demani, asimame hapo, ashike mikanda ya chini na kujitupa nyuma. Upepo utamsaidia. Rafti itamfunika; atoke akiogelea chali.

Pandeni moja kwa moja mkiweza, bila kulowa. Wote wakishaingia, kateni kamba kwa kisu kilichofungwa karibu na mlango, jitengeni na chombo, kisha tupeni ile nanga ya kitambaa ili rafti isipeperushwe. Mezeni vidonge vya kichefuchefu papo hapo, hata aliyezaliwa pwani. Rafti huyumba kuliko ngalawa. Maji ya kunywa yasigawiwe saa 24 za mwanzo, isipokuwa kwa majeruhi na wagonjwa.

Chombo kikizama kabla hamjafika kwenye pipa, kuna kifaa kinachoachia mkanda chenyewe kikifika kina cha mita 1.5 hadi 4. Tazameni juu ya maji, rafti itaibuka.