Unaenda chuo na kemia ipo kwenye ratiba? Haya yaweke sawa kabla

Form six mnamaliza mtihani Mei, wengine mnapitiliza JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) miezi mitatu, mkirudi nyumbani zimebaki wiki chache tu za kuhangaikia mkopo na godoro, halafu huyo chuo. Katika muda wote huo hakuna aliyekuuliza swali la moli. Ndiyo maana naandika mapema, kwa sababu nimekaa na madogo wengi wa mwaka wa kwanza, wa sayansi na wa uhandisi, na wengi niliowaona wanarudi Septemba kufanya sapu (mtihani wa marudio) ya kemia haikuwa kemia yenyewe iliyowaangusha, waliangushwa na yuniti, logi na kalkuleta.

Mada nyingi za mwanzo ushazikuta form five na six. Atomu, bondi, gesi, ikwilibria, asidi na besi, elektrokemia, joto la mmenyuko. Kinachobadilika ni spidi, kile ticha wenu alichokifundisha wiki tatu huku anawarudia ubaoni, chuoni kinaisha ndani ya lekcha mbili na mwalimu anasonga mbele akijua unacho tayari. Kwa hiyo usijichoshe kusoma mada mpya za mbele, rudi kwenye misingi mpaka mkono uzoee.

Anza na moli, yaani fungu la chembe 6.022 × 10²³ za kitu, na nenda nayo taratibu. Chukua wazee wa pwani wanaochoma mawe ya matumbawe kwenye tanuu kupata chokaa. Jiwe lile kwa sehemu kubwa ni CaCO3, moli moja ina gramu 100, likiungua linaacha CaO gramu 56 na hewa ya CO2 gramu 44 inapaa. Maana yake kilo 100 za jiwe safi zikiungua vizuri zote unabaki na kilo 56 tu, ile nyingine imeenda hewani. Ukimwagia maji, kila gramu 56 za CaO zinashika gramu 18 za maji unapata gramu 74 za chokaa iliyozimwa, na joto linalotoka hapo linachemsha maji yenyewe bila moto. Nyie wa sivil (uhandisi wa ujenzi) mnaouliza kemia ya nini, simenti mtakayoimwaga maisha yenu yote inaanzia kwenye mmenyuko huohuo wa kuchoma mawe ya chokaa, na nondo zinazokula kutu kwenye majengo ya karibu na bahari ni elektrokemia hiyohiyo mnayotaka kuiruka. Kama hesabu hiyo ya tanuu unaweza kuifanya mwenyewe na peni bila kuangalia popote, stoikiometria ya chuo, yaani hesabu za kiasi kwenye mmenyuko, haitakutisha. Kama huwezi, hapo ndipo pa kuanzia kesho asubuhi.

Halafu yuniti. Swali dogo kabisa, tengeneza sm³ 250 za NaOH (kostiki soda, moli moja ni gramu 40) ya 0.1 M, yaani moli 0.1 kwa lita, unahitaji gramu ngapi? Lita ni 0.250, zidisha 0.1, zidisha 40, jibu ni gramu 1.0. Sasa yule aliyesahau kugeuza kuwa lita anazidisha 250 kama ilivyo anapata gramu 1000, kilo nzima ya kostiki soda anataka kuiyeyusha kwenye chupa ya robo lita, na anaandika jibu anapiga mstari chini anaenda swali linalofuata. Jizoeze kuliangalia jibu kama kitu halisi kilichopo mezani mbele yako, utajinasa makosa mengi sana kabla msahihishaji hajakunasa.

Kwenye gesi ni hivyohivyo, joto ni kelvini siku zote. Moli moja ya gesi kwenye atm 1 na nyuzi 25 inachukua kama lita 24.5 ukiweka 298 (25 jumlisha 273), ukiweka 25 unapata lita 2 na kidogo, na kalkuleta haitakwambia kitu. R, ile namba isiyobadilika ya fomula ya gesi PV = nRT, nayo ina sura mbili, 0.0821 inaenda na lita na atm, 8.314 inaenda na paskali na mita za ujazo, ukizichanganya umepoteza swali zima wakati njia unaijua.

Kalkuleta nunua yako, ya sayansi, na uizoee kabla. Usitegemee ya kuazima, kila moja ina vibonye vyake na siku ya testi siyo siku ya kujifunza. Kuna kosa moja nimeliona mara nyingi mno: mtu anagawa 5 kwa 6.022 × 10²³, anabonyeza 5 gawanya 6.022 zidisha 10 kipeo 23, na kalkuleta inamtii, inagawa kwa 6.022 kisha inazidisha kwa 10²³, jibu linatoka kubwa kupindukia badala ya dogo kupindukia. Tumia kile kibonye cha EXP au ×10ˣ ambacho kinachukua namba yote kama kitu kimoja, au weka mabano. Jaribu leo.

Logi pia zirudie, bila logi hakuna pH, ile logi hasi ya wingi wa ayoni za hidrojeni inayopima asidi. HCl ya 0.0050 M ina pH 2.30, hakikisha unaweza kwenda na kurudi, yaani ukipewa 2.30 urudi kwenye 0.0050. Na ielewe maana yake, pH 3 na pH 5 hazitofautiani kwa mbili, zinatofautiana mara 100 kwa ayoni za hidrojeni. Ongeza ikweshen ya kwadratiki na kusoma mteremko wa grafu, utavikuta kwenye ikwilibria na kwenye kasi ya mmenyuko.

Kukariri kupo kidogo na hakukwepeki, elementi 20 za kwanza, na zile ayoni za makundi kama salfeti, naitreti, kaboneti, fosfeti pamoja na chaji zake. Wiki moja inatosha.

Sasa prakitiko, hapa nawaombea sana wale mliotoka shule ambazo maabara ilikuwa inafunguliwa karibu na mtihani tu, kwa sababu mimi ni mmoja wenu na najua ile hofu ya kushika bureti, ule mrija wa kioo wenye vipimo na koki, mara ya kwanza huku wenzako wameshaanza. Titresheni yangu ya kwanza chuoni, yaani kudondosha myeyusho mmoja kwenye mwingine mpaka wamalizane, niliacha faneli juu ya bureti, ikawa inadondosha matone wakati mimi nasoma, nikapata 24.60, 24.10, 23.70, hakuna mbili zinazokubaliana na sikuelewa kwa nini mpaka fundi wa maabara aliponionyesha kwa kidole. Kwa hiyo yajue haya kabla: bureti suuza kwa maji halafu kwa myeyusho utakaoujaza, ila chupa ya koni ni maji peke yake, toa faneli, angalia kama kuna povu la hewa kwenye ncha ya chini, shusha jicho liwe sawa na usawa wa kimiminika na usome chini ya ule mviringo. Weka karatasi nyeupe chini ya chupa, na ukitumia fenoliftalini, dawa inayobadilika rangi kwenye besi, unatafuta pinki hafifu inayokaa, ikishakuwa pinki ya kukolea ushapita, rudia. Na asidi kali ndiyo inamiminwa kwenye maji kidogokidogo, kamwe siyo maji kwenye asidi.

Koti la maabara nunua la pamba kama unaweza, la nailoni likishika moto linayeyukia kwenye ngozi. Viatu vya kufunika, nywele ndefu zifungwe.

Lugha nayo usiidharau, lekcha ni Kiingereza kitupu na kuna watu wanaijua kemia ila swali lenyewe hawalielewi. Tafuta maswali ya miaka ya nyuma, yasome kwa sauti, kisha mweleze mwenzako kwa Kiswahili swali linataka nini kabla hamjagusa hesabu. Vitabu vya kemia vya bure vipo kwenye intaneti, pakua PDF ukiwa na waifai usimalize bando, halafu chagua kimoja tu na ufanye maswali ya mwisho wa sura, matano kwa siku, kwa peni na karatasi, na majibu yafunike mpaka umalize yote matano.