Somo: Ufunguo msingi wa jedwali unganishi, kwa mfano wa daladala

Wakuu, tuna jedwali la njia na jedwali la vituo. Mbezi–Kariakoo ina vituo kibao, na Ubungo inapitwa na njia kibao. Katikati tunaweka jedwali unganishi, njia_kituo: kila mstari wake ni njia moja na kituo kimoja. Ufunguo msingi wake (primary key, yaani kinachotambulisha kila mstari bila kujirudia) uwe upi?

Hatua ya 1. Jiulize kwanza: kipi hakiruhusiwi kujirudia? Wengi tunakimbilia id inayojiongeza (namba ambayo hifadhidata hujaza yenyewe), tunaona kazi imeisha. Iliniponza. Kijana aliyekuwa anaingiza data alibofya "Hifadhi" mara mbili, mtandao unasuasua, Magomeni ikakaa mara mbili kwenye njia moja: id 418 na 419. Hifadhidata haikulalamika, kwani id ni tofauti.

Hatua ya 2. Jozi yenyewe iwe ufunguo:

PRIMARY KEY (njia, kituo)

Sasa abofye mpaka achoke, ya pili inagoma.

Hatua ya 3. Angalia kipi kinatangulia kwenye jozi, maana hifadhidata huujengea ufunguo huo indeksi, yaani orodha ya kutafutia haraka. Indeksi hii ni kama konda: vituo vya njia yake anavitaja usingizini, ila muulize njia zote zinazopita Ubungo, itabidi azunguke stendi nzima. Kwa hiyo ongeza indeksi ya pili iliyogeuzwa, (kituo, njia). Kwenye hifadhidata ya MySQL inayotumia InnoDB (injini yake ya kuhifadhi data) mistari yenyewe hupangwa kwa ufunguo msingi, basi tanguliza unachokiulizia zaidi. PostgreSQL, hifadhidata nyingine, haipangi hivyo, wala haikuwekei indeksi kwenye funguo za kigeni (safu zinazorejelea jedwali jingine).

MASWALI

— Mkuu, natumia Laravel, ile ya PHP. Eloquent, sehemu yake inayoongea na hifadhidata, haitaki ufunguo wa safu (column) mbili.

Kama unatumia attach na detach tu (amri zake za kuunganisha na kutenganisha), jozi inatosha. Jedwali likiwa na modeli yake (darasa lake kwenye kodi), weka id, ila jozi uifunge kwa UNIQUE, sharti la kutojirudia. Usiisahau hiyo, ndiyo iliyoniumiza mimi.

— Na Django, ile ya Python?

Ukitumia ManyToManyField (uga wa uhusiano wa wengi kwa wengi) bila kujitengenezea jedwali la kati, inakuwekea yenyewe id pamoja na UNIQUE ya jozi. Lala salama.

— Kaka, gari likizunguka likapita kituo kilekile mara mbili je?

Hapo umenibana, dada. Jozi haifai tena. Ufunguo unakuwa (njia, mfuatano), mfuatano ukiwa nafasi ya kituo njiani, na fomu itume namba ya mfuatano ili mbofyo wa pili bado ugome. Namba zipande kwa kumi: Ubungo 30, Magomeni 40. Siku ukikumbuka Manzese, unaichomeka kwenye 35 bila kugusa mistari mingine.