Daftari moja la mwili na akili: namna ya kufuatilia sonona kwa mwenye ugonjwa wa muda mrefu

Mgonjwa wa kisukari akiacha kumeza dawa huitwa mzembe. Kabla ya kumlaumu, muulize analalaje siku hizi, na kama kuna kitu bado kinampa raha. Wenye kisukari hupatwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kukata tamaa, takriban mara mbili zaidi ya wasio nacho, na maradhi haya mawili huchocheana: homoni za msongo kama kotisoli hupandisha sukari, naye aliyekata tamaa hatembei, hali chakula kwa wakati, wala haendi kliniki. Kwa hiyo mwili na akili viandikwe pamoja.

Daftari la kawaida linatosha. Kwa siku 14 mfululizo, jioni saa ileile, andika saa ulizolala, kila dawa uliyomeza na muda wake, vipimo vya sukari au presha kama unavyo, maumivu kwa alama 0 hadi 10, kisha jambo moja ulilolifanya kwa sababu tu unalipenda.

Usiruke mstari huo wa mwisho. Uchovu, kukosa hamu ya kula na usingizi wa kukatikakatika huweza kuletwa na ugonjwa wa figo, wa moyo au saratani peke yake, kwa hiyo havitoshi kuthibitisha sonona. Kinachoitofautisha zaidi ni raha kupotea hata kwa vitu vilivyopendwa, kujilaumu bila sababu, kujiona mzigo kwa wengine na kuona mbele ni giza. Aliyechoshwa na ugonjwa tu, mara nyingi bado uso unamkunjuka mjukuu akiingia.

Siku ya 14 jiulize: katika wiki hizi mbili, ni mara ngapi nimekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Ni mara ngapi nimekuwa na huzuni au kukata tamaa? Kila swali lipe 0 kama haijatokea kabisa, 1 kwa siku kadhaa, 2 kwa zaidi ya nusu ya siku, 3 kwa karibu kila siku. Jumla ikifika 3, nenda ukapimwe kwa kina. Alama hizi hazithibitishi ugonjwa, ila zinatosha kukutoa nyumbani.

Ukifika, omba na mwili uchunguzwe. Tezi ya thairoidi, iliyoko shingoni, ikilegea humfanya mtu awe mzito na mwenye huzuni. Ikizidisha kazi huleta wasiwasi na mapigo ya mbio. Upungufu wa damu huchosha, na upungufu wa vitamini B12, unaoweza kumpata aliyetumia metformin, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi, hugusa kumbukumbu na hisia. Taja pia dawa mpya. Prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe na mzio, hasa kwa dozi kubwa, huweza kukata usingizi, kuleta hasira, au kumchangamsha mtu kupita kiasi. Lakini usiiache ghafla kama umeitumia kwa wiki kadhaa: mwili huwa umepunguza kutengeneza kotisoli yake, na dozi hushushwa polepole kwa maelekezo ya daktari.

Kosa la hatari ni kudhani dalili za mwili ni wasiwasi tu. Mtu anayetumia insulini akitokwa jasho, akitetemeka na moyo kwenda mbio, pima sukari kwanza. Ikiwa chini ya 4.0 mmol/L (70 mg/dL) na anaweza kumeza, mpe gramu 15 za sukari kwenye maji, yaani vijiko vitatu vya chai vilivyojaa, kisha pima tena baada ya dakika 15. Kama huna kipimo, mpe sukari hivyohivyo. Akizimia usimtie kitu mdomoni. Ita msaada wa dharura. Maumivu mapya ya kifua nayo ni ya moyo mpaka yachunguzwe. Na mzee aliyeanza kuchanganyikiwa ndani ya saa au siku chache apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwani mara nyingi chanzo ni maambukizi, dawa au kuishiwa maji.

Dawa za sonona huhitaji wiki 2 hadi 6 kuonyesha nguvu, ilhali maudhi kama kichefuchefu huanza mapema. Ndiyo maana wengi huziacha katika wiki ya pili, kabla hazijawafaa. Mwambie daktari kama unameza aspirini au ibuprofeni, kwani zikichanganywa na dawa za sonona kama fluoksetini au setralini, hatari ya kutokwa damu tumboni huongezeka.

Kwa anayemuuguza mtu: ukihofia anawaza kujiua, muulize wazi. Swali hilo halimpandikizii wazo. Akikubali, usimwache peke yake, ondoa dawa na insulini karibu naye, na mpeleke kwenye huduma ya dharura.

Anayetibiwa ugonjwa wa akili naye ana haki ya kupimwa mwili. Olanzapini, kwa mfano, dawa ya magonjwa makali ya akili, huongeza uzito na sukari. Uzito, kiuno, presha, sukari na mafuta ya damu vipimwe kabla ya kuanza, baada ya miezi 3, kisha kila mwaka. Akilalamika tumbo linauma, lipapaswe na lichunguzwe kama la mgonjwa mwingine yeyote.