Idara nyingi ramani moja: kushea data za GIS (data za ramani za kompyuta) ofisini kwa PostGIS

Wakuu, kama ofisi yenu ina watu wa ardhi, maji, barabara na mipango miji, na kila idara ina folda yake ya shepufaili (mafaili ya ramani), basi mnaijua ile barabara_mpya, barabara_mpya2, barabara_final_YA_KWELI na hakuna anayejua ipi ndo yenyewe. Na shepufaili lenyewe linakata majina ya safu kwenye herufi 10, likifika GB 2 linagoma. Hamieni kwenye databesi moja, PostgreSQL yenye PostGIS (nyongeza inayoifanya ihifadhi ramani), ni bure na watu wanaendelea na QGIS yao, ile programu ya kuchorea ramani, kama kawaida.

Kabla ya seva kaeni kikao kwanza, kila leya (tabaka moja la ramani, mfano mabomba) iwe na mwenyewe. Mabomba ni ya maji, viwanja ni vya ardhi, mwenye leya ndo anahariri na wengine wanasoma tu. Mabosi watavutana hapo, waache wavutane, ni afadhali kuliko kuja kuvutana data zikishaingia.

Mkimaliza tengeneza databesi, andika `CREATE EXTENSION postgis;` halafu kila idara ipe skima yake, yaani chumba chake ndani ya databesi. Kupakia data tumia DB Manager ya QGIS, au ogr2ogr (amri ya kupakia bila kubofya) kama mafaili ni mengi, na hakikisha kila jedwali lina primari key (namba ya pekee ya kila mstari) na indeksi ya GiST (ya kutafuta maeneo haraka), bila hivyo QGIS inakusumbua na ramani inafunguka kwa kujikongoja.

Sasa panapoua watu ni koodineti. Ramani nyingi za zamani huku kwetu ziko kwenye mfumo wa koodineti wa Arc 1960, GPS ya simu inatoa mfumo wa WGS 84, ukizichanganya bomba linasogea karibu mita 300 na linapita sebuleni kwa mtu. Kwa Dar au Nairobi chagueni mfumo mmoja, mfano namba 32737 (WGS 84), za zamani zenye 21037 (Arc 1960) zigeuzeni kwa ST_Transform. Msitumie ST_SetSRID kwa kazi hiyo, ile inabadili lebo tu, haisogezi kitu!

Ruhusa ziko hivi, `wasomaji` likiwa kundi la watumiaji wa kusoma tu:

`GRANT USAGE ON SCHEMA maji TO wasomaji;`
`GRANT SELECT ON ALL TABLES IN SCHEMA maji TO wasomaji;`
`ALTER DEFAULT PRIVILEGES IN SCHEMA maji GRANT SELECT ON TABLES TO wasomaji;`

Ule wa kwanza wengi wanausahau halafu wanashangaa mbona mtu kapewa SELECT na bado anakataliwa. Wa tatu ni kwa ajili ya majedwali yatakayokuja baadaye, na lazima auendeshe yule yule anayeyatengeneza, vinginevyo haufanyi kitu.

Kwa viwanja msifungue skima nzima maana kuna majina ya wamiliki na namba zao za simu. Tengenezeni viu, yaani dirisha linaloonyesha safu mlizochagua tu:

`CREATE VIEW ardhi.viwanja_wote AS SELECT id, namba, matumizi, geom FROM ardhi.viwanja;`

wasomaji wapeni USAGE ya skima na SELECT ya hiyo viu peke yake, jedwali lenyewe libaki kwa watu wa ardhi.

Bakapu ni pg_dump (amri ya kunakili databesi) kila usiku, na mara moja moja mjaribu kuirudisha kwenye mashine nyingine muone kama inafunguka. Ofisi za mbali ambako neti inasuasua wapelekeeni GeoPackage (faili moja la ramani linalofunguka QGIS bila neti) ya kusoma tu, yenye tarehe kwenye jina la faili, wakiona kosa wampigie mwenye leya arekebishe kwenye databesi, wasirekebishe kwao.