Kumezea hisia kikaoni bila kuumia baadaye

Kikao cha mirathi Ngamiani, Tanga, mikeka imetandikwa, wakwe wapo, na shangazi anakutolea maneno mbele ya watu. Kulia huwezi, kufoka huwezi. Kujikaza mpaka kikao kiishe kunawezekana, ila uso hautakutii kama hujajua kilichokupanda ni nini.

Anza na mwili, maana ndio unaotangulia. Hasira huleta joto masikioni, taya hubana na mikono huwasha. Hofu hupoza vidole, hukausha mdomo na kuvuruga tumbo. Aibu huinamisha macho, ukatamani ardhi ipasuke. Jasho lisikudanganye, Tanga mwezi wa Februari kila mtu analo. Kisha jiambie kimoyomoyo sentensi moja yenye sababu ndani yake: "Nimeona aibu kwa kuwa ametaja deni langu mbele ya wakwe." "Nimekasirika" peke yake haitoshi. Mara nyingi hasira imefunika aibu au woga, na ukihangaika na hasira huku kinachochoma ni aibu, neno dogo linalofuata litakulipua.

Halafu pumzi. Vuta kwa pua ukihesabu 4, toa taratibu ukihesabu 6, kwa dakika 3 hadi 5. Kinachotuliza mapigo ya moyo ni ile pumzi ndefu ya kutoa. Wengi hukosea hapa: huvuta pumzi kubwa za harakaharaka, kaboni dayoksaidi inapungua mwilini, wanapata kizunguzungu na ganzi ya vidole, wakadhani hali imezidi. Vuta kidogo tu, bila kuinua mabega.

Usoni, achanisha meno ya juu na ya chini huku midomo imefungwa. Taya ikilegea, uso mzima hulegea. Shika kikombe ili mikono ipate kazi. Donge likikukaba, kunywa maji funda dogodogo, na usijibu kabla hujameza. Ukiona machozi yanakuja, omba ruhusa mapema: "Nimekusikia, shangazi. Naomba nikanawe uso, narudi." Maji yawe baridi, ya mtungini au ya friji, ya bomba mchana huwa vuguvugu na hayasaidii sana. Yakalishe usoni sekunde 15 hadi 20 huku umezuia pumzi, moyo utapunguza mbio. Mwenye maradhi ya moyo asifanye hivi.

Kahawa chungu ya barazani iache siku hiyo. Inaongeza mapigo ya moyo, na saa tano baadaye karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini.

Gharama ya kuficha ijulikane. Mwaka 1993 watafiti James Gross na Robert Levenson waliwaonyesha watu filamu ya kuchukiza, wengine wakaambiwa wazuie nyuso zao. Waliozuia walihisi kinyaa kilekile, na miili yao ikaonyesha dalili zaidi za msukosuko. Tafiti za baadaye zikaonyesha kwamba anayezuia uso hukumbuka kidogo yaliyosemwa. Kwa hiyo kwenye mirathi usitie sahihi chochote ukiwa katika hali hiyo. Mwombe ndugu mmoja aandike yaliyokubaliwa, uyasome kesho yake.

Ulichokimezea kipe nafasi jioni ileile. Tembea dakika 20 hivi, hata kuelekea Raskazone, kisha andika dakika 15 hadi 20 bila kujali tahajia: nini kilitokea, kiligusa nini. Rudia siku 3 au 4 mfululizo, kisha karatasi ichane ukipenda. Kupiga mto au kufokea watoto hakupunguzi hasira, kunaizoeza. Na ukikaa muda mrefu bila kuandika wala kumwambia mtu, hisia huweza kugeuka kinyongo, na kinyongo ni kigumu zaidi kukitoa.

Ikiwa wiki mbili zimepita hulali, huli, au kazi zimekushinda, nenda kituo cha afya ueleze hivyohivyo ulivyoandika, wakupe rufaa ya hospitali ya Bombo ikibidi. Ukipata mawazo ya kujidhuru, usisubiri rufaa wala asubuhi: mwamshe mtu wa nyumbani akupeleke hospitali usiku huohuo.