Somo: Kusukuma tambi za mayai Bologna kwenye darasa la mtu mmoja

Ndugu zangu wapenda jiko, somo hili niliwaahidi tangu niliporudi safari. Linahusu kuchukua darasa binafsi la mapishi ukiwa Italia, na mfano wangu ni Bologna, ambako nilifundishwa kusukuma tambi za mayai kwa mkono.

Kwanza, kwa nini binafsi. Siku chache kabla, katika mji mwingine, nililipia darasa la kundi. Tulikuwa watu 14 kwenye meza moja. Donge tulilikuta limeshakandwa, mchuzi umeshaiva, sisi tukapewa kazi ya kukata. Nilitoka na picha nzuri, lakini ungeniuliza donge linatakiwa kuwa laini kiasi gani nisingekuwa na jibu. Mapishi ya unga hukaa kwenye vidole. Aliyefundishwa chapati na mama yake anajua: hakukuwa na mizani wala kikombe, kulikuwa na "hebu nishike… bado, endelea kukanda". Hiyo "bado" ndiyo unayokwenda kuilipia, na mbele ya watu 14 mwalimu hana muda wa kukwambia.

Hatua ya 1: Chagua mji kwa chakula chake

Italia haina jiko moja. Ukitaka piza nenda Napoli, ukitaka pesto, ule mchuzi wa majani ya rihani, nenda Genova. Kusini tambi nyingi ni za semolina ya ngano ngumu na maji tu. Za unga laini na mayai, kwao ni Emilia-Romagna, na Bologna ndio mji mkuu wa mkoa huo. Kufika ni rahisi: treni ya kasi kutoka Firenze ni kama dakika 40, kutoka Milano ni saa moja na kidogo.

Hatua ya 2: Tafuta mwalimu, na umhoji

Mwanamke anayesukuma tambi kwa kazi, huko humwita sfoglina. Wapo wenye maduka, wapo wanaofundisha jikoni kwao. Upo pia mtandao wa wapishi wa nyumbani uitwao Cesarine, ulioanzia Bologna mwaka 2004. Popote utakapompata, muulize mambo matatu kabla ya kulipa: Donge nitalikanda mwenyewe tangu unga mkavu? Tutasukuma kwa mti au kwa mashine? Tutakuwa wangapi? Asipojibu moja kwa moja, tafuta mwingine. Na epuka katikati ya Agosti. Tarehe 15 ni sikukuu yao ya Ferragosto, na wengi hufunga kazi wakaenda mapumziko.

Hatua ya 3: Sema mapema usichokula

Bologna ni mji wa nguruwe. Tortellini zenyewe, vile vifuko vidogo vya tambi, hujazwa nyama ya nguruwe, prosciutto (paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi) na mortadella (soseji nene ya nguruwe). Ukisubiri kusema ukiwa umeshafika mezani, mwenyeji wako ameshanunua kila kitu, na nyote wawili mtaona vibaya. Mwandikie siku unapoomba nafasi.

Hatua ya 4: Omba vyakula viwili, visizidi

Ukiona tangazo la vyakula vitano kwa saa tatu, ujue utaangalia zaidi ya kushika. Mimi niliomba tagliatelle, tambi ndefu bapa kama utepe, na tortelloni, vifuko vikubwa kuliko tortellini. Donge ni lilelile, na mikono inapata kazi mbili tofauti.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Asubuhi mimi na mwalimu wangu tulipita Quadrilatero, vichochoro vya soko karibu na Piazza Maggiore, tukanunua jibini laini ya ricotta na kipande cha jibini ngumu ya Parmigiano Reggiano. Kisha nyumbani kwake, aproni, na kunawa mikono.

Kipimo ni gramu 100 za unga kwa yai moja. Unga wao huitwa 00, umesagwa laini sana. Haumiminwi kwenye bakuli: humwagwa juu ya meza ya mbao, katikati ukachimbwa kisima, mayai yakavunjiwa humo. Unayapiga kwa uma huku ukichota unga wa ukingo kidogo kidogo, ukuta usibomoke. Chumvi hakutia, wala mafuta. Nilipouliza maji, alitikisa kichwa.

Kisha kukanda, na hapa ndipo tulipokaa. Unasukuma donge mbele kwa sehemu ya chini ya kiganja, unalikunja, unaligeuza robo, unarudia. Dakika tano za mwanzo donge ni gumu na lina mipasuko, na mkono wa mtu wa chapati unatamani kuongeza maji. Usiongeze. Mwalimu alinishika kiganja akakiweka juu ya donge lake, halafu juu ya langu. Lake lilikuwa kama ncha ya sikio. Langu lilikuwa bado. Baada ya dakika kama kumi na tano, ukilibonyeza kwa kidole linarudi taratibu, na ukilikata, ndani hakuna tundu wala unga mkavu. Lifunike, lipumzike nusu saa.

Kusukuma kwao si kama chapati. Mti wao, mattarello, ni mrefu kama mita moja na hauna vishikio. Huanzii katikati ukazunguka tu: unasukuma nusu ya mbele, unageuza, na duara linapokua unaacha upande mmoja uning'inie ukingoni mwa meza ili uzito wake wenyewe uuvute. Halafu unalizungushia mti, na viganja vinateleza kutoka katikati kwenda pembeni. Wakiulizwa wembamba, watu wa Bologna husema ukiinua tambi yako dirishani uone San Luca, kanisa lililo juu ya kilima cha mji. Yangu ilionyesha vidole vyangu tu. Aliridhika, akasema kwa siku ya kwanza inatosha.

Iache ikauke kidogo, ikunje, ukate. Upana wa tagliatelle unalindwa kwa dhati: mwaka 1972 walisajili kipimo kwenye chemba ya biashara ya Bologna, milimita 8 ikiwa imeshapikwa, sawa na sehemu moja kati ya 12,270 za urefu wa Asinelli, mnara mrefu wa kale wa mji huo. Kwa kuwa tambi huvimba majini, unakata kama milimita 7. Inaiva kwa dakika mbili au tatu tu.

Tortelloni tulizijaza ricotta, Parmigiano, kotimiri ya Kizungu na kungumanga. Alipotoa ile kungumanga na kuanza kuikuna, harufu ilinipeleka moja kwa moja kwenye mashamba ya viungo ya Unguja. Nikamwambia kwetu inaota mtini, ndani ya tunda, imevikwa wavu mwekundu. Aliacha kazi akanitaka nimchoree.

MASWALI

Swali (Muscat): Dada, shikamoo. Sisi ni Waislamu, tutakuwa Bologna Novemba. Mchuzi wao wa nyama tutaula?

Marahaba mdogo wangu. Ragù ya asili ina pancetta, ambayo ni nguruwe, na mvinyo, na nyama ya ng'ombe ya kawaida haijachinjwa kihalali. Omba tortelloni za siagi na majani ya salvia, hazina nyama. Lakini Parmigiano hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama. Kama kwenu mnalizingatia hilo, mwambie mapema aweke jibini isiyokitumia. Ragù mtaipika nyumbani kwa nyama yenu: kitunguu, karoti na seleri vilivyokatwa vidogo, nyama ya kusaga, nyanya, supu badala ya mvinyo, maziwa kidogo, na moto mdogo kwa saa mbili au zaidi.

Swali (Mombasa): Nina kibao cha chapati na kile kijiti chake kifupi. Nitaweza?

Utaweza. Gawa donge vipande vidogo, la yai moja moja, na vingine vibaki vimefunikwa. Jitahidi kibao kiwe cha mbao. Mbao huacha uso wa tambi una mikwaruzo midogo, na mchuzi hushika hapo. Kwenye marumaru tambi hutoka nyororo, mchuzi ukateleza.

Swali (Dar es Salaam): Nimejaribu kwa mayai ya kienyeji, donge likawa gumu kama jiwe.

Mayai yetu ya kienyeji ni madogo. Usihesabu mayai, pima: gramu 100 za unga kwa gramu 55 hivi za yai bila ganda. Ukipungukiwa, ongeza kiini cha yai jingine, na rangi itapendeza zaidi. Unga wa kawaida wa ngano unafaa, uchekeche mara mbili. Na kwa joto la Dar washa feni baada ya kukata, wala usizirundike, zitagandana.

Swali (Nairobi): Sijui Kiitaliano hata neno. Hiyo si itakuwa shida?

Wengi wanaofundisha wageni wanajua Kiingereza. Wangu alijua kidogo, na tulielewana kwa mikono. Maneno yaliyonitosha ni "ancora", yaani endelea tena, "piano", taratibu, na "basta", inatosha. Kwenye mapishi yao yaliyoandikwa utakuta herufi q.b. Maana yake ni kiasi kinachotosha, kama mama zetu wanavyosema chumvi ya kukadiria.

Swali (Kampala): Dada, kile kijiti kirefu ulikinunua? Ndege walikuruhusu?

Nilikinunua, cha sentimita 80, nikakiweka kimshazari ndani ya sanduku la mizigo. Mkononi wasingekiruhusu. Jibini nilifungiwa kwenye plastiki iliyotolewa hewa, duka lolote la jibini watakufungia hivyo ukisema "sottovuoto". Kijiti sikioshi kwa maji. Nakifuta kwa kitambaa kikavu na kukisimamisha pembeni mwa kabati, na jana nimekisukumia chapati.